Mlio wa Wendelin na Bakuli la Gertruda

Wasikilizaji wapendwa, ninawasalimu. Wazee wetu, shikamooni. Nyinyi mlioko Mbinga mjini, nyinyi mnaotoka kwenye mashamba ya kahawa, na nyinyi mlioko chini kule ufukweni, kuanzia Mbaha na Mbamba Bay hadi Chiwanda, sogezeni viti karibu na redio.

Leo tunamkumbuka Mzee Wendelin Ndunguru. Alifariki dunia mwezi uliopita baada ya kuugua, akazikwa Mbamba Bay. Inawezekana jina lake hamlijui. Hata hivyo, mlio wake mnaujua vizuri sana.

Naomba nieleze. Katika tamthilia za televisheni, mtu hufungua mlango, au hupokea habari mbaya, au hugeuka ghafla. Kabla hajatamka neno, muziki hupiga kwa kishindo. Hupiga mara moja, kisha hukatika. Watoto wetu huuiga wakicheza: "Tan-tan-taaan!" Muziki huo mfupi ndio ninaouita leo mlio wa kushtua. Mzee Wendelin Ndunguru alikuwa fundi wa milio ya kushtua. Narudia: alikuwa fundi wa milio ya kushtua, hapa hapa kwetu, katika wilaya za Mbinga na Nyasa.

Na mlio wake mmoja nusura umnyang'anye mama mmoja riziki na jina jema. Mama huyo ni Gertruda, mpishi wa bandarini Mbamba Bay. Yuko hai, na amekubali nimtaje. Amesema ukimkumbuka Wendelin bila kulitaja bakuli lake, humkumbuki Wendelin. Unakumbuka mtu mwingine.

Wendelin alizaliwa milimani, nje kidogo ya mji wa Mbinga, katika familia ya wakulima wa kahawa na mahindi. Alijifunza kinanda parokiani, akiwa mwanakwaya. Alikuwa mtu wa maswali. Mkewe, Mama Eunice, ameniambia kwamba swali kubwa la maisha yake alilipata ujanani, ndani ya banda la video mjini Mbinga. Palikuwa na tamthilia ya nchi za mbali, na msimulizi alikuwa akieleza kwa Kiswahili. Mwanamke alikuwa akishuka ngazi. Muziki ukaanza kupanda. Watu wote wakajikunyata. Wendelin naye akaogopa, akaziba masikio.

Namnukuu Mama Eunice: "Aliniambia alipoziba masikio, yule mwanamke akawa mtu anayeshuka ngazi tu, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Alipozibua, akawa mtu anayekwenda kuuawa. Basi akakaa pale: anaziba, anazibua, anaziba, anazibua. Jirani yake akamwambia, 'Kaka, masikio yakikuuma nenda hospitali, unatupoteza.'"

Wasikilizaji wapendwa, hebu tulitazame jambo hilo. Picha ni ile ile. Mwanamke ni yule yule. Ngazi ni zile zile. Hofu ilikuwa inakaa wapi? Wendelin alitoka bandani na swali hilo, na hakuliacha tena.

Alipomwoa Eunice, mzaliwa wa Mbaha, aliteremka kuishi ufukweni. Milimani alikuwa Mkatoliki wa kahawa. Ufukweni akawa mkwe wa Waanglikana wavuvi. Watani wake walimwambia ameshuka mlima akitafuta samaki, akapata mke. Huko ndiko alikokutana na vibuyu vya mganda.

Nyinyi wa ufukweni mnavijua. Kwa wasikilizaji wengine, mganda ni ngoma inayochezwa kwa mistari kama gwaride. Mchezaji hushika kibuyu chenye tundu dogo pembeni. Tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Ukitia sauti yako ndani ya kibuyu, utando hutetemeka, na sauti hutoka na ukali kama wa nyuki aliyenaswa. Wendelin alipousikia ukali ule, akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Akaanza kuchanganya. Chini aliweka sauti nzito ya kinanda. Juu aliweka kibuyu. Katikati aliacha ukimya mfupi. Huo ndio ukawa mlio wake.

Kisha akaanza kuujaribu. Alianza na kuku. Kuku hawakujali, wakaendelea kuparua. Akajaribu na mbuzi. Mbuzi walitazama upande wake, wakaendelea kula. Mwishowe akajaribu na watu wa nyumbani kwake. Binti yake, Tadea, sasa ni mwalimu. Namnukuu:

"Unasonga ugali, unasikia mlio dirishani. Unaruka! Ukigeuka, Baba anauliza, 'Umefikiri nini? Sema haraka kabla hujasahau.' Mimi nikamjibu, 'Nimefikiri ugali umeungua.' Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, 'Mwanangu, hakuna kilichoungua. Mlio haukukuambia chochote. Wewe mwenyewe ndiye uliyeanza kutafuta kilichoungua.'"

Naomba mlishike neno hilo. Mlio wa kushtua hausemi chochote. Msikilizaji ndiye anayeanza kutafuta kosa. Wendelin aliligundua jikoni kwake, miaka mingi kabla halijamletea taabu.

Taabu ilikuja hivi. Mjini Mbinga yupo Bwana Hamphrey, mwenye televisheni ya waya inayofika majumbani. Miaka minne iliyopita aliamua kutengeneza tamthilia ya kwetu, yenye watu wetu na ziwa letu. Hadithi ilikuwa nyepesi. Ndugu wawili wanagombea mtumbwi wenye injini. Kaka mkubwa anaugua, kisha anafariki. Katika sehemu ya mwisho inajulikana kwamba mdogo wake ndiye aliyempa sumu. Waigizaji walikuwa wakazi wa Mbamba Bay. Fundi wa milio alikuwa Mzee Wendelin.

Hamphrey alihitaji mama wa kumpelekea mgonjwa supu. Ni jambo la kupita tu. Hakuna maneno. Akamwomba Gertruda, mzaliwa wa Chiwanda, mjane mwenye banda la chakula bandarini. Gertruda aliacha samaki kikaangoni, akaja na aproni yake.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipozaliwa.

Kwetu, mtu anayekupa chakula au pombe huonja kwanza mbele yako. Hunywa funda moja, au humega kidogo, ndipo hukukabidhi. Hatuulizani kwa nini. Tumekua tukiona hivyo. Ni namna ya kusema: kilichomo humu ni salama, nami nimetangulia. Gertruda hajawahi kumpa mteja mchuzi bila kuuonja. Lakini siku ile ndani ya bakuli hapakuwa na supu. Palikuwa na maji yaliyokorogwa na udongo ili yapate rangi. Gertruda alipoinua bakuli mdomoni kwa mazoea, Hamphrey akapiga kelele, "Mama, usionje! Ni udongo huo!" Wakarudia. Mara ya pili akalikabidhi bakuli bila kuonja. Na wakati ule ule mtu akapaza sauti kutoka nje: "Gertruda wee, samaki wako wanaungua!" Gertruda akageuka, macho yamemtoka. Kamera ikaunasa uso huo.

Wendelin alipoiona picha ile kwenye meza ya kuhariri, akafurahi kama mtoto. Hamphrey anakumbuka mazungumzo yao.

"Mzee, huyu mama hana kosa katika hadithi," Hamphrey alisema.

"Najua," Wendelin akajibu. "Lakini tazama uso huu! Uso kama huu haupatikani mara mbili. Watashtuka, halafu watasahau. Ni mapambo tu."

Akaweka mlio. Kinanda, ukimya, kibuyu. Juu ya uso wa Gertruda.

Sehemu hiyo iliporushwa, Gertruda alikuwa sebuleni kwa jirani yake, Mama Emiliana. Hawa wawili ni marafiki wa tangu zamani. Wako katika umoja mmoja wa akina mama wa kanisa. Sebule ilijaa majirani. Gertruda alikuwa amekuja na sinia la mbasa wa kukaanga, wale samaki wetu wa ziwani, ili washerehekee kuonekana kwake. Picha ikafika. Bakuli likatolewa. Hakuonja. Mlio ukapiga. Na mara tu baadaye, mgonjwa akakata roho.

Watu wakageuka, mmoja mmoja, wakamtazama Gertruda.

"Gertruda," Emiliana akasema, "mbona hukuonja?"

"Ningeonjaje? Yalikuwa maji ya udongo!"

"Kumbe. Mgonjwa ukampa udongo."

"Emiliana, ni maigizo! Yule mzee si mgonjwa, leo asubuhi amekunywa chai kwangu vikombe viwili!"

Mtu mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Emiliana alilisukuma sinia la mbasa kwa kidole kimoja, polepole, mpaka likafika mwisho wa meza. Gertruda ameniambia kwamba mambo mengi ya usiku ule ameyasahau, lakini kile kidole anakiona hadi leo.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja pale alijua kwamba yale ni maigizo. Narudia: walijua. Lakini kujua ni jambo moja, na kutia tonge mdomoni ni jambo jingine. Wiki ile banda la Gertruda lilianza kupungua watu. Wapakuaji wa mizigo walisema wameshiba. Abiria wa meli walihamia banda la pili. Vijana waliuweka mlio ule kwenye simu zao, na Gertruda akipita, simu zinalia. Watoto walimfuata nyuma: "Tan-tan-taaan!" Alipika sufuria moja badala ya tatu, na hata hiyo moja aliila na wanawe. Ada za shule za watoto hao zilitoka katika sufuria hizo.

Ndipo Gertruda akafunga banda, akaenda nyumbani kwa Wendelin. Mama Eunice alikuwepo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Umeniwekea nini usoni?"

"Nimekuwekea muziki."

"Basi njoo uutoe."

Wendelin alipanda Mbinga kesho yake. Mlio ukafutwa kwenye kanda ya televisheni. Lakini tamthilia ilikuwa imeshasambaa katika simu na katika vifaa vidogo vya kuhifadhia picha, imefika hadi Chiwanda. Akaomba kusema katika televisheni. Akakaa mbele ya kamera amevaa koti lake la Jumapili, akaeleza kwamba Gertruda hana hatia, mlio ulikuwa mapambo. Mnadhani watu walisemaje? Walisema: "Mbona anamtetea sana? Naye amelishwa nini?"

Wakasubiri sehemu ya mwisho. Sehemu ya mwisho ikaonyesha wazi kwamba mdogo mtu ndiye muuaji. Akakamatwa, akafungwa pingu, akalia. Watazamaji walitoka wakitikisa vichwa. "Sawa, yeye alinunua sumu," walisema. "Lakini bakuli lilibebwa na nani?"

Hapo Wendelin akaelewa kwamba maneno hayatamaliza kazi iliyofanywa na mlio. Akachukua kibuyu chake, akaenda kukaa bandani kwa Gertruda. Alikwenda asubuhi, akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Aliagiza ugali na samaki. Gertruda alionja, naye Wendelin akala mbele ya njia, kila mtu akiona. Na kila jambo dogo lilipotokea, alikipiga kibuyu.

Mpakuaji akichagua samaki mkubwa kuliko wa mwenzake: mlio! Mvuvi akimwambia mkewe kwa simu kwamba yuko bado ziwani, huku amekaa bandani: mlio! Mwenyekiti wa mtaa alipita, akasimama, akajikuna pua. Mlio ukapiga. Watu wote wakageuka kumtazama mwenyekiti.

"Nimefanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hatujui," akajibu mpakuaji mmoja. "Lakini umefanya."

"Nimejikuna tu!"

"Hata Gertruda alisema ni udongo tu."

Bandari nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akaingia bandani, akaomba ugali ili asionekane amekasirika. Ameniambia mwenyewe kwamba siku ile ndipo alipohisi jinsi ilivyo kugeukiwa na macho ya watu bila kujua umekosa nini. Alisema ngozi ilimsisimka, ingawa alijua ni mzaha.

Watu walirudi bandani, kwanza kwa ajili ya kicheko, baadaye kwa ajili ya samaki. Sufuria zikawa mbili. Baadaye zikawa tena tatu. Lakini sitaki kuwadanganya, wasikilizaji wangu. Hawakurudi wote. Mama Emiliana hakurudi. Aliendelea kusalimiana na Gertruda, kukaa naye benchi moja kanisani, kuimba naye. Lakini chakula cha Gertruda hakukigusa. Kwenye ubatizo alisema tumbo linamsumbua. Kwenye harusi alisema ametoka kula nyumbani. Miaka yote minne alikuwa na sababu, na Gertruda hakumwuliza.

Mzee Wendelin aliendelea na kazi yake. Alitengeneza milio kwa ajili ya vikundi vya maigizo vya Mbinga na Mbamba Bay. Ila tangu hapo hakuweka tena mlio juu ya uso wa mtu. Aliuweka juu ya mlango, juu ya kiti kitupu, juu ya kiatu kilichoachwa nje. Vijana walimlalamikia kwamba uso una nguvu zaidi. Tadea anasema baba yake aliwajibu hivi: "Kiatu hakina banda la chakula."

Mzee alipofariki, Bwana Hamphrey alitaka kumpa heshima. Aliona heshima inayofaa ni kuirusha upya tamthilia ile, ikiwa na mlio ule ule, kwa kuwa ndio ulikuwa kazi yake bora. Lakini aliogopa. Akateremka Mbamba Bay, akamkuta Gertruda anakuna nazi. Nilikuwepo, kwa hiyo niliyasikia.

"Mama, nimekuja kuomba ruhusa," Hamphrey alisema. "Tunataka kumkumbuka Mzee."

"Na ule mlio wangu utakuwemo?"

"Nikiutoa, nitakuwa nimemtoa yeye."

Gertruda aliendelea kukuna nazi. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Nilidhani atakataa, na angekuwa na haki.

"Utakuwemo," akasema. "Ila msirushe majumbani kwanza. Leteni hiyo televisheni yenu hapa. Muwashe hapa bandani kwangu, saa ya chakula, watu wakiwa na sahani mkononi."

"Mama, wakiacha kula je?"

"Wakiacha, nitakuwa nimeona mwenyewe. Nimechoka kuhesabu wasiokuja."

Basi, Jumamosi iliyopita, tulikusanyika. Televisheni iliwekwa juu ya kreti za soda. Mama Eunice na Tadea walikaa mbele, wamejifunga vitenge vya msiba. Wapakuaji walikuja, wavuvi walikuja, mwenyekiti alikuja. Na Mama Emiliana alikuja, kwa sababu ya wafiwa. Gertruda alionja sufuria zote mbele ya watu, akagawa. Alipofika kwa Emiliana, alinyoosha sahani. Emiliana aliipokea, akaiweka mapajani. Hakuigusa.

Picha ikaanza. Tukamwona Gertruda wa miaka minne iliyopita na aproni yake. Bakuli likatolewa. Akageuka, macho yamemtoka. Na mlio ukapiga: kinanda, ukimya, kibuyu.

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa najua hadithi yote. Nilikuwa nimeandika maelezo ya kipindi hiki. Hata hivyo mkono wangu ulisimama na tonge hewani. Niliwatazama wengine, na yao imesimama. Banda zima lilisimama. Gertruda alikuwa wima karibu na jiko, ameshika upawa, anatutazama sisi badala ya kutazama picha.

Sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya Emiliana. Alikuwa na tonge mdomoni, kwa hiyo hakusema vizuri.

"Gertruda, chumvi imezidi."

"Haijazidi," Gertruda akajibu. "Ulimi wako umesahau. Miaka minne!"

"Nimekwambia imezidi. Nifungie na mbasa mmoja, nimpelekee Dastan."

Dastan ni mumewe. Watu wakaanza kucheka chini chini.

"Nikufungie wa mumeo?" Gertruda akauliza. "Kesho asipoamka je?"

"Asipoamka, mlio utaupiga wewe."

Kicheko kilichofuata kilimfanya Mama Eunice ajifunike uso kwa kitenge, akicheka na kulia kwa pamoja. Gertruda alifunga samaki wawili.

Kwa Mama Eunice, kwa Tadea, kwa ukoo wa Ndunguru kule milimani, na kwa wakwe wote wa Mbaha, kipindi hiki kinatoa pole za dhati. Tumempoteza mtu aliyejua kushtua watu, na aliyekaa mwenyewe bandani kusafisha alichokichafua. Mungu amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki, tujiulize kwa utulivu. Katika mtaa wako, katika umoja wenu, kwenye benchi lako la kanisani, yupo mtu unayemsalimia kila siku lakini sahani yake huigusi? Ukiulizwa kosa lake, una neno la kusema, au uliwahi tu kushtuka? Swali hilo silijibu mimi. Linajibiwa nyumbani.

Mama Emiliana amenituma jambo moja, na ameniomba nilitangaze hewani kwa jina lake. Dastan aliamka salama. Ameuliza kama bado kuna samaki.